Mzazi wa Rama Ni Mimi

Jumatatu, 1 Septemba 1947

Habari kubwa Likoni. Mpwa wangu Rama, kibarua wa bandarini, ameingizwa kwenye Mfuko wa Matibabu. Akiugua, nusu inatoka kwenye mfuko, nusu inatoa serikali. Tena si yeye peke yake. Yeye na mzazi wake mmoja!

Hapo niliinuka kitini. Polepole, kwa sababu ya mshipa. Wasio na adabu huuita busha. Niliupata siku nilipoinua lori lililokwama Changamwe, kwa mkono mmoja, dereva akiwa ndani. Daktari anataka kunipasua, ila si bure. Basi sasa serikali italipa.

Kwetu Wadigo mtoto ni wa mjomba. Mimi ndiye ndugu wa mama yake. Nikamwambia Rama mzazi ni mimi. Akasema, "Lakini mjomba, baba yupo." Yupo, nikamjibu. Na minazi ipo.

Jumanne, 2 Septemba

Nimevuka maji kwenda Mombasa kwa karani wa mfuko. Nani kanitangulia? Shemeji yangu Mwidani, babake Rama. Amekaa kwenye benchi, ameinama upande. Nikamjua papo hapo. Naye ana mshipa! Miaka yote hii ananificha. Lakini wake mdogo. Wangu una heshima yake.

Karani, kijana wa bara, akauliza mzazi ni nani. Tukajibu pamoja: mimi! Mwidani akamsomea sharia. Mimi nikamsomea mila. Karani akasema kwao swali hilo lina jibu moja tu, twende tukaulizane kwa Mudir, mkubwa wa serikali huku kwetu. Sikubishana naye. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, la nne nikalikataa mwenyewe.

Alhamisi, 4 Septemba

Baraza la Mudir. Likoni imegawanyika. Watu wa sharia kule, watu wa mila huku kwangu. Mmoja akapiga kelele kwamba hiyo nusu ya serikali ni kodi zetu za nyumba, basi ilipie baba na mjomba. Nikampigia makofi. Mwidani pia. Mudir akasema serikali imetaja mzazi mmoja, na yeye hana ruhusa ya kuiongezea serikali mshipa wa pili.

Mwidani akasimama. "Wallahi, huyu nimemzaa mimi!" Nikamuuliza shahidi wake nani. Baraza zima likaanguka kicheko. Dada yangu Mwanatabu, mkewe, hakucheka. Akaniita kando. "Kaka, umenitukana mbele za watu." Nikamweleza kwamba hayo ni maneno ya kisheria, hayana mwenyewe.

Kisha nikahutubu. Nikawakumbusha nilivyombana wakili mmoja Mombasa mpaka akaacha kazi, leo anauza mbata. Mudir akasikia njaa, akakata shauri: kwa Mdigo, mjomba ni mzazi.

Nimeshinda! Kitanda cha hospitali ni changu, Jumatano ijayo.

Jumatatu, 8 Septemba

Mfungo Mosi huu, mwezi wa harusi. Wamenijia wazee kutoka Mtongwe, kwa kina Nyamvula, mchumba wa Rama. Wameamkia vizuri, wamekunywa kahawa yangu, wameuliza mahari. Nikawaonyesha nyumba ya Mwidani. Wakasema hapana, Mudir amesema mzazi ni wewe.

Nani aliyewaleta? Mwanatabu! Amesimama mlangoni, leso kaifunga kiunoni. "Kaka, mzazi si wewe?"

Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu. Nikasema mimi mjomba tu, sisi Waislamu, kisharia mtoto na mahari yake ni juu ya baba. Mwanatabu akaniuliza kama naweza kuyarudia hayo mbele ya Mudir. Kwa nini nisiweze? Tukaenda saa ile ile. Nikaapa kwa sauti, wa nje wakasikia. Mudir akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa.

Mahari imenipita kando. Wazee wa Mtongwe nimewashinda, na Mwanatabu nimemshinda.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefika hospitali, nimeoga, nina mswaki na kikoi kipya. Kitandani kwangu amelala Mwidani.

Nikamwita karani. Akasema mzazi ni baba, neno limetoka kwa Mudir, na aliyeapa ni mimi mwenyewe. Nikamfahamisha kwamba niliapa kwa mambo ya mahari tu, si ya mshipa. Akasema hajui kiapo kinachokatwa vipande.

Mwidani ameniamkia kwa adabu sana. Akauliza, "Shemeji, mahari ilikupita salama?"

Ijumaa, 12 Septemba

Mshipa umekaza. Naandika nimesimama.

Lakini nimepata habari. Mbwana, mume wa mpwa wangu Mwanarusi, ameandikwa kazi kwenye karakana moja Changamwe. Wana mfuko wao, serikali inatoa nusu, na unamchukua mfanyakazi na mkwe wake mmoja.

Mkwe mmoja! Mwanarusi ni binti wa Mwanatabu, basi kwa mila ni wangu, na mumewe ni mkwe wangu. Kile kiapo kilikuwa cha Rama. Mwanarusi hakutajwa hata kidogo.

Kesho alfajiri naondoka kwenda Changamwe. Nitapitia kwa Mwanatabu kwanza, anifungie chakula cha njiani.