Theluji ya Nansha

Ijumaa, 22 Januari 1999

Barua kutoka nyumbani. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mwezi wa Novemba niliandika, kwa kuchangamsha barua tu, kwamba nimechaguliwa mwenyekiti wa Umoja wa Waafrika Mashariki hapa Guangzhou. Sentensi moja! Baba kaipeleka kanisani Kibosho. Imesomwa mbele ya watu, mara baada ya matangazo ya ndoa. Kachinja mbuzi. Mama anasema haitwi tena Mama Medard. Anaitwa Mama Mwenyekiti, na kwenye mashine ya kusaga wanampisha foleni.

Mimi si mwenyekiti wa kitu chochote. Mimi ni mwanachama wa kawaida, tena niliyewahi kuonywa kwa kukoroma kikaoni.

Lakini Mungu hamtupi mtu wa Kibosho. Mwenyekiti wetu, Abdulwakil, yule anayenunua midoli na madaftari mtaa wa Yide Lu, anarudi Dar moja kwa moja. Uchaguzi tarehe 6 Februari. Nina wiki mbili za kuufanya uongo wangu uwe kweli.

Leo alasiri kwenye kikao Abdulwakil alisema kaishi China miaka saba bila kukanyaga theluji, na hataki kuondoka hivyo. Anataka wanachama wote kumi na wanne twende mahali watu wanapoteleza mlimani kwa zile mbao mbili za miguuni. Akauliza nani anayajua mambo hayo. Vichwa vyote vikanigeukia. Mimi mtu wa Moshi! Wanadhani sisi tunazaliwa kileleni. Nikasema nimekulia humo humo. Ukweli ni kwamba nimeufikia mlima hadi getini tu, na beseni la ndizi, kuwauzia watalii.

Nimekabidhiwa kazi ya kuchagua mahali. Abdulwakil kaninong'oneza kwamba atakayeipanga vizuri safari hii ndiye atakayemuunga mkono. Mwenyekiti ni mimi!

Jumamosi, 23 Januari

Nimegawa fomu. Kiongozi lazima awe na fomu. Nimeandika: "Uwezo wako wa kuteleza kwenye barafu. Moja ni asiyejua, tano ni bingwa."

Zimerudi. Nimeduwaa. Kumbe naishi na mabingwa!

Nassor kajipa nne kwa sababu Unguja alikuwa anaendesha Vespa bila kushika usukani. Bi Safia, mfanyabiashara wa nguo, mwenye magoti yanayomfanya apumzike kila ngazi ya tatu, kajipa tano. Nilimwendea kwa heshima, nikaamkia, nikauliza. Akasema alikwenda Beijing mwezi kama huu, njia nzima imeganda, na hakuteleza hata mara moja. Kwake yeye bingwa ni asiyeteleza.

Mmoja tu kajipa moja. Swalha, anayesomea udaktari, msichana wa Tanga asiyesema sana. Chini ya fomu kaongeza maswali. Wanaoanza watapata sehemu yao ya taratibu? Wasiotaka kuteleza watakaa wapi? Chakula cha kuliwa na wote kipo? Pa kusali je? Maswali mengi mno. Fomu yake nimeiweka chini kabisa.

Kwenye ya kwangu tano ilionekana ndogo. Nimeandika "Mwalimu".

Jumanne, 26 Januari

Siku mbaya. Tom anagombea!

Tom ni Mkenya, anasomea uhandisi, mrefu, meno yote yapo. Leo kaja kikaoni na albamu. Aliwahi kupelekwa Austria na chuo chake, akateleza wiki nzima. Picha kumi na mbili! Yuko hewani, mbao miguuni, chini yake hakuna kitu. Chai yangu ilinimwagikia mapajani nisisikie moto.

Halafu akatandaza karatasi za viwanja vitatu vya kaskazini. Cha kwanza ni miteremko mikali mitupu, akasema kitatuua. Cha pili kina mteremko wa wanaoanza lakini chakula ni nguruwe asubuhi hadi jioni. Cha tatu kina mteremko mpole kama uwanja wa mpira, kina mkali kwa wanaojiweza, kina viti vya kamba vinavyompandisha mtu juu akaangalie tu na kushuka, na mgahawa wa Waislamu mlangoni.

"Wasee, hii ya tatu iko na kitu ya kila mtu," akasema, kwa upole kabisa. "Hata mwenye hataki kuteleza."

Swalha akaitikia kwa kichwa. Bi Safia akauliza kama viti hivyo vina pa kuegemea mgongo. Nikaona Mama Mwenyekiti anarudishwa nyuma ya foleni.

Nikasimama. Nikawaambia kaskazini ni siku mbili na nusu za treni, tena wakati Wachina wote wanarudi makwao kula sikukuu ya mwaka wao mpya. Tutasimama chooni hadi Beijing. Baridi ya huko mtu akikohoa, kikohozi kinaganda. Hapo nikawashika. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mimi nina mahali pa karibu zaidi. Sina! Mdomo wangu huwa haunisubiri.

Alhamisi, 28 Januari

Nimepapata!

Nilikwenda soko la nguo la Guangyuan Xilu kumsaidia Bi Safia kufunga marobota, maana kura ni kura. Pale yupo mpagazi wake, Lao Liang, mzee wa hapa hapa Guangzhou. Wakati anafunga kamba nikamwuliza kwa Kichina changu kama karibu na hapa kuna xuechang, yaani uwanja wa theluji. Nililitafuta neno kwenye kamusi, silabi kwa silabi.

Akaacha kamba. Akasema ipo, tena kubwa, iko Nansha, na shemeji yake anafanya kazi humo. Nilitaka kumbusu. Kusini kote huku nimekuwa naambiwa meiyou, hakuna, na kumbe ipo kwa shemeji!

Nikamhoji kitaalamu. Ni baridi? Sana, shemeji anavaa koti hata Julai. Iko nje? Hapana, ndani ya jengo. Kuna mteremko? Upo, mrefu, kutoka juu hadi chini majini. Vitu vinateleza? Siku nzima vinateleza, mbio sana. Watu wengi huenda? Asubuhi foleni.

Jengo lenye theluji ndani, bila treni, bila kukohoa barafu. Tom na albamu yake!

Ijumaa, 29 Januari

Nimeitangaza Nansha. Tom akauliza theluji inakaaje mji ambao Januari watu wamevaa ndara. Nikamjibu kwamba Wachina wanatengeneza kila kitu, kwa nini hili liwashinde? Ukumbi ukacheka. Swalha akauliza kama nimekwenda kupaona kwa macho yangu. Nikasema mara mbili.

Kura tisa kwangu, nne kwa kaskazini. Mmoja alikuwa anasali. Abdulwakil kanishika bega mbele ya watu wote. Nimeandika rasimu ya hotuba ya ushindi.

Baadaye nikajifunza kuteleza bafuni kwa sabuni. Nimejua kuanza. Kusimama bado.

Jumapili, 31 Januari

Naandika nimelala kifudifudi. Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka asubuhi na basi la kukodi. Bi Safia alitupatia makoti manene, kofia na glovu, bidhaa ya mteja wake wa Moscow, kwa sharti yarudi bila doa. Jua linawaka, nyuzi joto kumi na tisa, sisi tumevaa kama tunakwenda mwezini. Jasho! Nikasimama mbele ya basi nikaeleza namna ya kukunja magoti. Nassor akaandika.

Tukakaribia Nansha. Harufu ya samaki. Nikasema ni upepo wa bahari. Harufu ikazidi. Basi likapita geti, likasimama. Shemeji wa Lao Liang alikuwa ametungoja, koti mwilini, buti za mpira miguuni, tabasamu hadi masikioni. Akatufungulia mlango mkubwa wa chuma.

Nilitazama. Nikafumba macho, nikatazama tena.

Mapande ya barafu. Marefu kuliko jeneza, yamepangwa hadi darini, na wanaume wanayavuta kwa ndoano. Yanapita kwenye mashine, yanasagwa, yanashuka kwenye mfereji mrefu wa bati hadi gatini. Chini kuna mashua za wavuvi, foleni, zinajaza barafu kabla ya kwenda kuvua. Kiwanda cha barafu ya samaki! Nimewaleta watu kumi na watatu, na kofia za sufu, kwenye kiwanda cha barafu ya samaki!

Nilingoja Tom acheke. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote.

Bi Safia ndiye aliyeanza. Aligusa pande moja kwa glovu, akakinusa kidole.

"Mwanangu," akaniambia, "kwetu Unguja tukiitaka hii tunakwenda Malindi, soko la samaki, hatuvai koti."

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema hili ndilo somo la kwanza, kwamba walimu wote wa Kilimanjaro huanzia kwenye barafu ngumu kabla ya theluji laini. Nassor akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama mwalimu anaweza kuwaonyesha. Wote wakasogea kunipa nafasi. Nikamwona Mama kwenye mashine ya kusaga, na watu wakimpisha. Nikapanda kwenye mfereji.

Kuanza nilijua. Sikumbuki mengine vizuri. Bati, anga, bati, kelele za Kikantoni, kisha giza na kitu kinachonibana sikio. Nilikuwa ndani ya tumbo la mashua, barafu hadi kifuani, pamoja na kaa wa jana. Walinitoa kwa ndoano. Koti la Moscow limechanika mgongo mzima.

Waliponifikisha juu nilishtuka mara ya pili. Swalha kishazungumza na shemeji. Kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji! Sikujua anakijua. Mfereji mfupi wa zamani, usiotumika, ulikuwa umemwagiwa barafu iliyosagwa, na watu wanashuka mmoja mmoja wamekalia magunia. Kawapanga. Waoga wanaanzia katikati, wajasiri juu kabisa, Tom chini anawadaka. Wasiotaka wamekaa juani kwenye makreti na chai. Bi Safia kamuuzia mke wa nahodha mmoja kofia tatu na anakaangiwa kamba. Nyuma ya ofisi pamefagiliwa, mikeka imetandikwa ya kusalia. Abdulwakil, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, alikuwa anashuka mara ya sita, anacheka hadi machozi.

Nilikaa pembeni. Nusu nilikaa, nusu nilisimama, maana makalio yalikataa.

Jumatatu, 1 Februari

Swalha kaniletea dawa ya kuchua na maelezo. Nimepokea vyote kwa shingo upande.

Anasema watu wa Guangzhou hawajawahi kuona theluji, kwa hiyo kila kilichoganda wanakiita theluji. Friji kwao ni kabati la theluji. Barafu za vijiti wanazolamba watoto nazo ni theluji. Na neno la uwanja na neno la kiwanda, yote mawili ni chang, tena kwa sauti ile ile. Kwa hiyo Lao Liang hakunidanganya hata kidogo. Nilimwuliza kiwanda cha barafu, akanipa kiwanda cha barafu.

Nikasema basi kosa ni la lugha yao. Swalha akatoa mkobani fomu niliyowapa. Akaniwekea kidole. Kuteleza kwenye barafu. Mahali penye barafu. Vifaa vya barafu. Ukurasa mzima sikuandika theluji hata mara moja! Kwetu Kibosho nayo ile nyeupe ya juu tunaiita barafu, nani aliwahi kutuuliza? Akasema ndiyo hapo, watu wawili wasioijua theluji wameelewana vizuri kabisa.

Nilikasirika. Kisha nikamwomba anichue bega.

Jumamosi, 6 Februari

Uchaguzi.

Nilijiandaa. Nilipita kila chumba nikieleza kwamba safari ya Nansha ilikuwa na mafanikio, watu waliteleza, waliswali, walikula, na mpangaji alikuwa mimi. Waliitikia vizuri. Nassor alisema hajawahi kufurahi vile tangu atoke nyumbani. Nilikwenda ukumbini na hotuba mfukoni.

Tom akasimama wa kwanza. Akasema anajitoa! Nilitaka kupiga makofi, mikono iko hewani, ndipo akamaliza. Anampendekeza Swalha. Swalha akasema hakuomba. Bi Safia akasema ndiyo maana.

Kura kumi na tatu kwa Swalha. Moja kwa Medard. Hiyo moja naufahamu mwandiko wake, ni wangu. Maana yake hata Swalha mwenyewe kajipigia! Au, tuseme, kakataa kunipigia mimi.

Nimeumia. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilirudi chumbani, nikavua viatu, nikakaa muda mrefu nikimfikiria Mama na lile jina lake. Nikasema sasa naandika barua ya kweli. Nikachukua karatasi. Nikaandika, "Wazazi wangu wapendwa, kuhusu uenyekiti." Kalamu ikasimama.

Halafu ikaenda yenyewe. Nimewaeleza kwamba nimeng'atuka. Kwa hiari yangu, nikiwa bado na nguvu, ili kuwapisha vijana na akina mama. Nimekabidhi madaraka kwa amani, ukumbi mzima ukishuhudia. Baba anaweza kuisoma hii pia kanisani, na ikibidi achinje.

Barua ilionekana kavu mwishoni, nikaongeza kwamba wanachama wanalia na kunisihi nirudi. Nimelifikiria sana ombi lao tangu saa kumi, na nadhani nitakubali.