Kufuli la Tovuti ya Klabu ya Matufe

Jumanne, 1 Agosti
Mkutano mkuu wa klabu yetu ya matufe, mchezo wa kuvingirisha mipira mizito nyasini, ni Jumamosi. Lazima nirudishe ukatibu wangu, alioninyang'anya Noelene Tranter, mwanamke asiyeweza hata kuvingirisha tufe likanyooka. Nimenakili tovuti nzima ya klabu, nikaongeza tangazo: mkutano umesogezwa hadi Jumapili. Mashabiki wake watabaki makwao! Tatizo: ukiifungua nakala, kompyuta inaonya kuwa si salama. Eti haina cheti, kile kinacholeta alama ya kufuli kando ya jina la tovuti.

Jumatano, 2 Agosti
Nimekwenda maktaba, kwa mzee Mervyn anayethibitisha nakala za hati. Amegonga mihuri kwenye nakala za leseni ya udereva, bili ya maji na picha yangu na kombe. Nimeomba cheti cha jina la tovuti ya klabu, nikaambatisha vyote. Watoa vyeti hawataki mihuri! Wanataka niweke namba yao ndani ya tovuti ya jina hilo, au nijibu barua pepe wanayomtumia msimamizi wake. Washamba. Nimechagua barua pepe.

Alhamisi, 3 Agosti
Msimamizi ni Noelene. Ameisoma barua pepe hiyo kwa sauti klabuni, mbele ya wachoma soseji. Akaniambia, Des mwenzangu, ukitaka kuingia kwangu si ubishe hodi tu! Wamecheka mpaka vitunguu vikaungua. Hawana haya.

Ijumaa, 4 Agosti
Ha! Nimenunua jina langu mwenyewe la tovuti, linalokaribiana na la klabu. Nikaweka namba yao ndani, cheti kikatoka dakika ileile. Hawakuuliza kama mimi ni klabu, waliuliza tu kama jina ni langu. Kufuli linang'aa! Nimewatumia wanachama wote anwani ya nakala yangu. Keith, atakayeniunga mkono mkutanoni, sikumdokeza kuwa tangazo ni la uongo. Hana kifua.

Jumamosi, 5 Agosti
Ukumbi umefurika! Hakuna aliyeamini tangazo langu. Isipokuwa Keith. Aliona kufuli, akaenda zake kuvua samaki. Kanuni yetu: jina la mgombea lisiloungwa mkono hufutwa. Noelene akauliza mara tatu nani yuko na Des. Wote wakatazama dari. Hata mke wangu Beryl aliinamia chai yake. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 6 Agosti
Keith amenipigia simu kutoka mlangoni pa klabu, kavaa tai. Anauliza, Des bwana, mbona pamefungwa, au nimewahi sana? Mjinga! Mtu mzima anaamini tangazo kwa sababu ya kufuli? Kosa ni lake lote. Mwakani nitatafuta mwingine wa kuniunga mkono. Jina jipya la tovuti nimeshanunua, na cheti chake kimetoka kabla chai haijapoa.