Kidumu cha Manjano na Cheti cha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Barua imekuja na boti ya asubuhi. Mkaguzi wa kilimo hai anafika Ijumaa! Miaka mitatu Mama hajatia hata punje ya mbolea ya dukani. Samadi ya mbuzi, majani makavu, jivu, basi. Akipata cheti, mnunuzi wa mjini atatuma mkokoteni kuchukua mananasi na pasheni hapahapa, na Mama ataacha kujitwisha matenga mpaka gatini. Akikosa, tunaanza miaka mitatu upya. Ana umri wa miaka sabini na moja.

Nimemwambia maandalizi nitayasimamia mimi. Akasema nianze kwa kuamka mapema.

Barua ina jambo jingine. Shamba moja kisiwani litateuliwa kuwa shamba la mfano. Kibao njiani! Picha ya wenyewe! Walioomba ni wawili tu: sisi na shemeji, mume wa dada yangu, tuliyepakana naye ugo kwa ugo. Mapapai yake yamejaa mpaka miti imeinama. Mama humwita "mwanangu". Mimi huniita "wewe".

Jumanne, 5 Machi

Papai haliwi kubwa hivyo kwa samadi peke yake. Haiwezekani. Leo nimejificha kwenye migomba ya shemeji nimfume akitumia dawa ya dukani.

Saa mbili nzima nimechuchumaa. Nimeona nini? Amebeba samadi. Amenyunyiza maji ya mwarobaini. Ameyavisha mapapai mifuko ya magazeti, moja moja, ili inzi wasiyatoboe. Anaimba huku akifanya hivyo, tena vibaya. Kumbe nilikuwa nimekanyaga njia ya siafu. Nikatoka mbio mbele yake nikivua shati, kisha suruali.

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Alinipa maji, akauliza kwa upole kama nimepotea. Mtu wa miaka arobaini na tatu nipotee kwa dada yangu! Dada mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 6 Machi

Kama ushahidi haupo, utapelekwa.

Nyuma ya duka la pembejeo, kule gatini, kuna lundo la vidumu tupu vya dawa ya wadudu. Nimechagua cha manjano, chenye picha ya fuvu. Mimi si mtu mbaya. Nimekiosha mara tatu palepale kwenye karo la duka, mwenye duka akinitazama. Nikakificha ndani ya shati. Njiani nikakutana na mkata tiketi wa boti, akauliza lile tumbo limeanza lini. Nikamwambia ni gesi. Akanisogelea, akasema pole, basi akaanza kunieleza la kwake. Nusu saa!

Saa kumi nimekiweka chini ya ugo, upande wa shemeji, fuvu likitazama njia. Hata kipofu atakiona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kukikagua mara nne. Asubuhi kipo. Saa nne kipo. Saa sita kipo. Saa tisa hakipo!

Shemeji amekificha! Na mtu asiye na hatia hafichi kitu. Nilijua tangu mwanzo.

Mama leo mchangamfu. Alinieleza habari ndefu kuhusu mbolea ya maji na chombo alichopata cha kuchotea. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa mbele ya kioo najifunza sura ya kushtuka. Nimechagua ile ya mkono kifuani.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi amefika.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye buti kubwa kuliko yeye. Hakutaka chai wala kiti. Aliinama chini ya mifenesi, akafukua majani, akashika udongo akaunusa. Akatabasamu. Akamwambia Mama kwamba udongo wa namna hii hauoni kila siku. Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akatazama pembeni kama msichana. Shemeji alikuwa amekuja kumshikia Mama mwavuli. Mimi nilibeba daftari tupu.

Kisha mkaguzi akaomba kuona stoo.

Juu ya pipa la mbolea ya maji, kimekatwa mdomo vizuri kwa kisu: kidumu cha manjano.

"Hiki nini?" mkaguzi akauliza.

"Kata yangu mpya," Mama akasema. Alikuwa amekiokota jana chini ya ugo. Miwani hakuvaa. Alidhani kilikuwa cha sabuni.

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa kitu kile hawezi kuendelea, labda mwakani, labda baada ya miaka mitatu. Mama akakaa juu ya gunia. Hakulia. Alitazama tu mikono yake.

Shemeji akasogea mbele. "Kilikuwa upande wangu wa ugo," akasema. "Kama kuna kosa, liandike kwangu. Futa shamba langu, la mama acha."

Nikasubiri mkaguzi akubali. Kweli, nilisubiri! Niliona hata kibao chetu njiani. Kisha Mama akamshika shemeji mkono, akamwambia, "Hapana, mwanangu, usijibebeshe." Nikaweka daftari chini.

"Ni changu," nikasema.

Mkaguzi akaniuliza nimepulizia wapi. Nikasema sikupulizia popote. Nilikiweka kwa shemeji ili akose. Na ile sura ya kushtuka niliyojifunza siku nzima, wote watatu wakawa nayo bila mazoezi.

Nilitaka kueleza zaidi, kuhusu kukiosha mara tatu. Mama akainua kidole. "Nyamaza. Leo umesema ukweli, usiuharibu."

Mkaguzi alimpigia simu mwenye duka. Akathibitisha: ndiyo, mtu wa makamo, mfupi, alikuwa akiosha kidumu kama anaosha mtoto. Mkaguzi akachukua udongo na mbolea ya pipani, vifuko sita, akaondoka. Jibu baada ya siku kumi na mbili.

Mama amenipakulia chakula kama kila siku. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 20 Machi

Udongo safi! Pipa safi! Mama amepata cheti!

Shamba la mfano ni la shemeji. Sitaki kulizungumzia.

Cheti chetu kina ukurasa wa pili. Mahali palipoandikwa "Hatari iliyobainika shambani", wengine huandika mafuriko au jirani anayepulizia dawa. Sisi tumeandikiwa: "Mtoto wa mwenye shamba. Asiingie stoo bila kusindikizwa." Na muhuri juu. Dada alimsomea Mama mara tatu. Mama alicheka mpaka akavua miwani. Ameagiza kurasa zote mbili zitiwe kwenye fremu.

Mchana mkokoteni wa mnunuzi ulikuja mpaka mlangoni. Mama akausindikiza gatini. Alitembea kichwa kitupu, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mara aishike nyuma, mara aikunje. Nilimfuata kwa mbali. Vumbi la njia hiyo huumiza sana macho.

Alhamisi, 21 Machi

Nimelala, nimeamka, nimefikiri.

Mkaguzi kaniandika kwenye waraka rasmi. Shemeji hakutajwa hata mara moja kwenye cheti chetu. Hilo ni la kwanza.

La pili ni zito. Kwa nini mtu ajitolee shamba lake lifutwe, tena mbele ya mkaguzi, bila kulazimishwa? Nani hufanya hivyo? Mtu mwema kiasi kile lazima ana jambo analolificha. Leo alikuwa anasimika kibao chake, akachimba shimo refu kuliko linavyohitajika. Akalishindilia kwa miguu. Akiimba.

Kesho asubuhi, akienda kuvisha mapapai, nitakwenda kufukua nione kuna nini. Jembe nimeshaazima. Lake.