Mlango wa Pikapu Hauguswi

Jumatatu, 4 Machi

Pa! Kimya kidogo. Paa!

Sauti hiyo imeniamsha leo alfajiri, na ilikuwa kichwani mwangu tu. Mlango wa pikapu ya Baba. Haukuwahi kufunga mara ya kwanza. Baba aliubamiza, akangoja kidogo kama anayeupa nafasi ya kujirekebisha, kisha akaubamiza tena. Hapo nyumba nzima ilijua karudi. Dada anazima redio, mimi narukia kitabu, Mama anabandika chai. Tangu tumzike hakuna aliyeugusa mlango ule.

Nimeanza na hilo ili nipoe. Sijapoa.

Mezani leo Shemeji ameiita pikapu ya Baba mzoga. Mzoga! Shemeji ni mume wa Dada. Walihamia kwetu kwa muda tu, wakati nyumba yao inapakwa rangi. Mwaka umepita. Sijui hiyo rangi imechanganywa na nini isikauke. Sasa anamwambia Mama eti pikapu imekalia banda bure wakati gari lake linababuka juani. Eti anamjua mzee mmoja wa vyuma chakavu, watu humwita Sumaku, aje aibebe Jumapili. Mama hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na Mama asiposema hapana ujue mambo yameharibika.

Nikasema ile si mzoga, ni hotrodi ambayo haijatengenezwa. Shemeji akauliza hotrodi ni mdudu gani. Nikamweleza kwa utulivu mkubwa (Dada anadai nilipiga kelele): unachukua gari la zamani, unalichonga, unalishusha hadi likaribie ardhi, injini unaiacha wazi, linanguruma, watu wanageuza shingo. Jumamosi kuna maonyesho ya magari ya zamani kwenye uwanja wa mpira. Nitakwenda nayo. Shemeji alicheka mpaka chai ikamtokea puani, akanipongeza, eti hongera shem, utashinda zawadi ya kutu.

Mama akakata shauri. Jumamosi itoke getini kwa miguu yake na irudi kwa miguu yake. Ikishindwa, Sumaku aje.

Itatoka. Nimesoma hesabu hadi chuo kikuu. Gari ni hesabu iliyopakwa grisi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwajiri Cheche. Ni fundi wa kuchomelea, mpole, nyusi hana. Sikumuuliza zilikwenda wapi.

Boneti tumeng'oa. Injini sasa inaonekana yote, nzuri kama moyo uliofunguliwa na daktari. Kulikuwa na kiota cha panya juu ya kabureta. Shemeji alipita akasema kumbe gari lina abiria. Hakuna aliyecheka isipokuwa Cheche, Dada na Mama.

Kisha mjadala wa paa. Hotrodi ya kweli hukatwa paa likashushwa, ndiyo inapata ile sura ya kununa. Lakini paa likishuka, milango nayo lazima ikatwe. Cheche akashika grenda yake, akaniambia dada, hii kazi ndogo, nakata, naunga, na huu mlango mbovu nautengeneza ufunge mara moja tu, bure, zawadi yangu kwako. Nilisimama mbele ya mlango nimetanua mikono. Sijui nilisema nini. Alizima grenda taratibu, akaenda kunywa maji.

Mlango hauguswi. Paa litabaki. Nitakachopoteza juu nitakifidia chini.

Jumatano, 6 Machi

Injini imewaka! Imekohoa, imetema moshi mweusi, kisha ikanguruma mpaka vikombe vya Mama vikacheza kabatini. Niliondoa bomba lote la nyuma la egzosi, kwa hiyo sauti inatoka ikiwa mbichi. Nilisimama pale nikatetemeka, nusu kwa furaha na nusu kwa sababu kila kitu kilikuwa kinatetemeka.

Shemeji alitoka na taulo, sabuni masikioni, akauliza nani amekufa.

Jioni nilipata burudani yangu ya kila siku: kumsikiliza akirudi. Gari lake hupanda lile tuta lililo nje ya geti letu, na likishuka hugonga bampa, ko! Halafu anatukana kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Tuta hilo ni langu. Mwaka jana aliingia mtaani kwa kasi akanimwagia tope kuanzia kichwani, na mimi nikiwa nimevaa nguo za usaili. Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikaeleza maisha ya watoto yalivyo hatarini, watu wakachanga saruji. Mwashi alisema hapo panatosha. Nikasema ongeza. Akasema mama, hili sasa linakuwa ukuta. Nikasema ongeza.

Ko! Leo aligonga mara mbili. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya hujuma. Nimekuta Shemeji ameanika suruali zake juu ya pikapu yangu, eti ndipo penye upepo. Moja ilining'inia kwenye usukani wa Baba. Nimezikusanya nikazihifadhi kwenye ndoo. Kwamba ndoo ilikuwa na oili chafu nilisahau kabisa. Dada amesema mimi nina roho mbaya kama koleo. Yaani mimi! Aliyeanika ni nani?

Lakini kazi imekwisha. Springi za pikapu ni mabamba ya chuma yaliyolaliana. Ukitoa bamba, gari linashuka. Tulitoa bamba la kwanza kila upande, pikapu ikainama kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo. Cheche akasema inatosha. Nikasema toa. Ikashuka tena. Akasema dada, chini hapa hapapiti hata paka. Nikamkumbusha kwamba paa sikulikata na lazima deni la urefu lilipwe na mtu. Toa. Akatoa. Akanong'ona kitu kuhusu watu waliosoma sana.

Sasa imelala chini, pana na nyeusi, injini wazi, imekunja uso. Nimeizunguka mara nyingi. Mama alisimama mlango wa jikoni akaitazama, mikono ina unga, akauliza Baba yako angepandaje hapo na yale magoti yake. Nikasema Mama, asingepanda, angeshuka. Hakucheka. Alirudi ndani.

Nimekaa nayo peke yangu mpaka giza. Sijaufungua mlango. Mimi huingia kwa upande wa pili.

Jumamosi, 9 Machi

Dhuluma!

Asubuhi uani tulikuwa wote. Mama kwenye kiti. Dada na mwavuli. Shemeji ndani ya suti, maana ana harusi ya rafiki yake na yeye ndiye msimamizi wa bwana harusi. Gari lake limeoshwa, limefungwa utepe, linangoja nyuma yangu nitoke kwanza. Aliniambia upesi shem, nenda ukaaibike, nina shughuli.

Niliwasha. Mtaa mzima ulitoka. Nilivuka geti kama malkia. Magurudumu ya mbele yakapanda tuta. Yakashuka upande wa pili. Na hapo pikapu ikatoa sauti ya sufuria kuburutwa sakafuni, ikakaa.

Tumbo la pikapu lilikuwa limelala juu ya tuta. Nilipokanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yalizunguka bure yakitimua vumbi juu ya ile suti. Nilipoegemea mbele, pua ya gari ilishuka. Nilipoegemea nyuma, ilipanda. Pembea! Watoto walipiga makofi wakaomba zamu.

Jirani mmoja, bila haya, akapaza sauti: mama wa tuta, si wewe uliyesema ongeza?

Shemeji alicheka akashika magoti. Alicheka mpaka alipogeuka akaona gari lake na utepe wake, liko ndani ya geti, na mimi ndiye kizibo. Kicheko kikamfia mdomoni. Amekwenda harusini kwa miguu, viatu mkononi. Hilo ndilo jema pekee la siku ya leo na nimelitafakari kwa kina.

Nilimweleza Mama kwamba nusu ya mbele ya gari imetoka kihalali kabisa, na kwamba katika hesabu nusu si sifuri. Mama akauliza kama nimewahi kumwona mtu anarudi nusu kutoka sokoni. Akaingia ndani. Kesho Sumaku anakuja.

Maonyesho yamefanyika bila mimi. Niliyasikia magari yakinguruma kwa mbali.

Jumapili, 10 Machi

Sumaku alikuja na lori lenye winchi. Mzee mnene, kofia ya sufu, anatembea akigonga vitu kwa kucha asikie ni chuma gani. Aliigonga pikapu kila mahali. Alipofika kwenye mlango nikamwambia hapo usigonge, mzee. Akanitazama. Akapita.

Alisema atainyanyua kwa mnyororo, lakini mtu akae ndani ashike usukani usipinde. Mimi nilikuwa nikimweleza alivyokosea kufunga mnyororo. Shemeji akasema hana shati la kuchafua, mashati yake tunajua yalipo. (Zilikuwa suruali! Hata ushahidi hawezi kutoa sawasawa.) Tukiwa bado tunabishana, Mama akapita katikati yetu, akafungua mlango wa upande wa dereva, akainama, akaingia. Akauvuta.

Pa!

Haukufunga. Mama hakushangaa. Alingoja kidogo.

Paa!

Dada, pale getini, aliacha mwavuli ukaanguka. Mimi nilikuwa na sentensi mdomoni kuhusu mnyororo na sijui ilikwenda wapi. Mama alishika usukani kwa mikono miwili akawa anatazama mbele, na mbele hakukuwa na kitu, ni ukuta wa jirani tu. Sumaku akauliza, mama, tuinue? Akauliza tena, kwa upole zaidi.

Mama akashusha kioo. Akamwambia inua baba, lakini irudishe ndani, na usumbufu wako atakulipa huyu, na kidole kikanielekea mimi.

Shemeji akaanza, lakini Mama, si tulikubaliana? Mama akamwambia mwanangu, nadhani ile rangi yenu sasa imekauka.

Ilirudishwa bandani, ikining'inia kama samaki. Mama alipotoka aliufuta mlango kwa upindo wa nguo yake, akaniambia inakaa, haiendi kokote, lakini yale mabamba niyarudishe kazini mara moja, nisimwaibishe tena mbele za watu. Macho yake yalikuwa mekundu. Vumbi la lori.

Usiku huu nimetafakari sana kwa nini alibadili uamuzi. Nimepima kila uwezekano. Ni ile hoja yangu ya nusu si sifuri. Hoja nzuri huchukua siku moja kumwingia mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Dada na Shemeji wanafunga mizigo. Shemeji haniagi. Sawa.

Mwezi ujao kuna maonyesho mengine. Nimekaa na karatasi nikalichambua tatizo kwa utulivu, bila hasira, ingawa hasira ninayo. Kuinua gari ni kukubali kushindwa. Gari halina kosa. Kosa ni la tuta, ambalo limejengwa juu kupita kiasi na watu wasiofikiri. Na tuta linafanyaje uharibifu wake? Linapandisha magurudumu. Yasipopanda, hakuna pembea. Ni wazi kama mchana.

Kwa hiyo uamuzi nimeshautekeleza. Asubuhi, Mama akiwa sokoni, nilichukua mabamba ya springi (Cheche aliyanoa ncha, ni chuma kigumu ajabu) nikayarudisha kazini kama Mama alivyoagiza. Kwa mabamba hayo na nyundo nimechonga tuta mifereji miwili mizuri, mmoja wa magurudumu ya kushoto, mmoja wa kulia, vipimo sahihi kabisa, hadi chini usawa wa barabara. Katikati sijagusa. Ni tuta langu na bado lina kazi.

Dada alisimama na sanduku lake akaitazama mifereji, akaniuliza, na tumbo je?

Nikamjibu tumbo halina magurudumu.