Kila Dawati na Jibu Lake

Jumatatu, 3 Juni

Baridi kali. Bomba la shule limeganda tena. Hesabu haikufanyika: bendi imechukua watoto kumi na wanne kwa mazoezi ya gwaride. Waliobaki nimewapigisha mistari ya pambizo kwenye madaftari, nyekundu kushoto, samawati juu. Kazi safi kabisa. Mimi nilisomea uchoraji. Hesabu nilipewa miaka minne iliyopita, mwenzetu alipostaafu na asiletwe mwingine. Mwalimu mkuu, Don Saturnino, alisema hesabu nayo ni kuandika ubaoni tu. Sikuona sababu ya kumbishia.

Leo kaniita ofisini. Mkaguzi, Doña Primitiva, anakuja Ijumaa kulipima darasa langu, la sita A, kwa hesabu za sehemu. Likianguka, nahamishiwa Chullpani. Chullpani kuna chumba kimoja cha darasa, llama mia tatu, na lori moja kwa wiki. Mke wangu Casilda kasema yeye haondoki Oruro, ila blanketi atanifungia.

Jumanne, 4 Juni

Nimefundisha kweli leo, kwa bidii. Nimejaza ubao, watoto wakanakili, nikafuta, nikajaza tena. Kugawanya sehemu: unageuza ya pili, unazidisha. Nusu gawanya kwa robo, jibu mbili.

Eulalia Huarachi akanyoosha mkono. Huyu ndiye msichana mrefu kuliko wote darasani, na mdomo wake una urefu huohuo. Akauliza nusu ni kitu kidogo, tunakigawanya, inakuwaje tunapata mbili? Nikamwambia kwa sababu tumegeuza. Akauliza kwa nini tunageuza. Nikasema ndivyo ilivyo. Akauliza nani kasema. Nikamwambia apige mistari ya pambizo.

Ukweli, na hili linabaki kwenye shajara: sijui kwa nini tunageuza. Sikuwahi kujua. Aliyenifundisha naye alikuwa anageuza tu.

Darasa la jirani, sita B, kelele tupu. Mwalimu wao, Nemesia Ticona, anawakatisha watoto mikate. Yaani mikate ya kula, na kisu. Madaftari yao hayana hata pambizo, na makombo yako kila ukurasa. Nilipochungulia aliniambia, mbele ya watoto, “Karibu kaka Hilarión, ingia ujifunze.” Nikajitia sikusikia.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia. Dereva wa Doña Primitiva hunywa api, uji wa moto wa mahindi, kwa mama mmoja sokoni. Nikamkuta, nikamnunulia vikombe viwili na andazi la jibini. Hakuchelewa kusema. Kasema Doña Primitiva ana kijitabu cha maswali thelathini, hakibadilishi tangu enzi na enzi. Huanza dawati la kwanza karibu na mlango, humaliza la mwisho dirishani. Swali la kwanza dawati la kwanza, na kuendelea. Haulizi mtu jina. Kijitabu kilikuwa garini. Nimenakili yote, kwa mwandiko mzuri.

Maswali thelathini. Darasa langu lina watoto thelathini. Mungu akipanga amepanga.

Mchana tumefanya mazoezi. Kila dawati swali moja, jibu moja. Dawati la kwanza: nusu jumlisha robo, robo tatu. La thelathini, la Ramiro Poma: mbili gawanya kwa theluthi, sita. Ramiro ni mdogo kama kifuniko cha chungu lakini hupenda kukaa nyuma kabisa, alale. Hata yeye ameshika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha hesabu, darasa zima linajibu sawa. Nilitaka kulia.

Eulalia peke yake amekataa. Swali lake ni lilelile, nusu gawanya kwa robo. Nimemwambia jibu ni mbili, aseme mbili, akae. Kasema hawezi kusema kitu asichokiamini. Ana miaka kumi na mmoja.

Alhamisi, 6 Juni

Sikukuu ya Walimu. Hakuna masomo. Nilikuwa nimepanga mazoezi ya mwisho, lakini watoto waliimba, wakacheza, wakatoa hotuba. Nimepewa kikombe kilichoandikwa “Mwalimu Bora wa Hesabu.” Nemesia naye kapewa kile kile. Nimekiangalia chake kwa karibu. Changu kina mpini mzuri zaidi.

Nilimwona Eulalia uani na Nemesia, wameinamiana juu ya mkate. Usaliti mtupu.

Ijumaa, 7 Juni



Doña Primitiva aliingia saa tatu. Akavuta pumzi, ikatoka moshi. Akauliza humu ndani tunahifadhi nyama? Halafu, jamani, akasema twende nje tukaote jua.

Ni jambo la kawaida. Kila mtu hapa hutoka kuota jua Juni. Mimi mwenyewe hutoka. Sikulifikiria.

Watoto hawa, ukiwatoa uani, hawajui kusimama ila kwa namna moja: mstari, mfupi mbele, mrefu nyuma, mkono begani kwa mwenzako. Kila Jumatatu asubuhi tangu wana miaka sita. Nikawapungia wajipange kwa madawati. Wakadhani nawaambia wanyooshe mstari. Wakaunyoosha vizuri sana.

Mbele kabisa, Ramiro. Doña Primitiva akafungua kijitabu. Nusu jumlisha robo?

Ramiro akasema sita.

Akaulizwa kama amesikia swali. Akasema amesikia, mama, ila lake yeye ni mbili gawanya kwa theluthi, na hilo ni sita.

Doña Primitiva akanitazama. Mimi nikatazama mlima. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja jibu sahihi, kwa swali la mwenzake. Kufika wa nane akafunga kijitabu, akaanza kuwauliza kwa upole, wewe mwanangu lako lipi? Wakamwambia wote. Walifurahi kuulizwa.

Mwisho wa mstari, Eulalia. Akasema yeye hana swali lake, aulizwe lolote. Akaulizwa nusu gawanya kwa robo. Akatoa mkate mfukoni, akaukata katikati, akashika nusu moja, akaikata vipande viwili sawa. Akasema, “Unaniuliza humu mna robo ngapi. Mna mbili. Mkate haujaongezeka, mama, tumehesabu vipande tu.” Akala kimoja, cha pili akampa Doña Primitiva.

Doña Primitiva akauliza nani kamfundisha. Akasema Mwalimu Nemesia, wakati wa mapumziko.

Kikombe changu nimekificha kabatini.

Jumatatu, 10 Juni

Hukumu imetoka. Siendi Chullpani bado. Nitakaa sita B kama mwanafunzi, dawati dogo, magoti masikioni, na Ijumaa Doña Primitiva atanipima pamoja nao. Nikianguka, lori. Casilda kalitoa blanketi juani.

Nemesia kanipa mkate na kisu, kaniambia, “Kata taratibu, kaka, huu si mtihani.” Nilitamani ardhi inimeze. Nimechora mkate ule daftarini, kwa rangi tatu, na pambizo. Mchoro mzuri kuliko yote darasani.

Alhamisi, 13 Juni

Kesho ndiyo kesho. Don Saturnino kasema tutapimwa uani, juani. Wenzangu wa sita B wanakata mikate mpaka dakika hii. Nawaonea huruma.

Mimi nimetulia. Kosa la juzi nimeligundua: niliwapanga watoto kwa madawati. Leo nimejipima ukutani kwa chaki. Sita B wako ishirini na tisa, na mimi wa thelathini, na hakuna anayenifika hata begani. Nitakuwa wa mwisho mstarini. Swali la thelathini. Nemesia anasema Doña Primitiva ameandika kijitabu kipya. Wivu huo, naujua.

Eulalia alinikuta uani, akataka kunionyesha kwa nini mbili gawanya kwa theluthi ni sita. Alikuwa na mikate miwili tayari. Nimemwambia mwanangu, jibu ninalo, usinichanganye.