Maumivu ya Ubavu wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu amefaulu. Biolojia amepata alama ya juu kabisa. Mtaa mzima umenipa mkono, nami nikapokea kana kwamba mtihani niliufanya mimi. Jioni akabandika picha ukutani: Chuo cha Mbali. Kina bwawa la vyura na kila mwanafunzi ana hadubini yake. Siku mbili kwa basi.

Mama yake ndiye aliyempa jina la Kiluwiluwi, kwa kuwa mtoto alifuga viluwiluwi kwenye jagi la maji ya kunywa. Mama hayupo duniani, huu mwaka wa tatu. Tumebaki wawili na kochi moja. Aende siku mbili kwa basi? Labda nisiwe baba yake. Chuo cha Karibu kipo, kengele yake naisikia nikiwa karakanani. Nina mpango.

Alhamisi, 6 Juni

Mimi ni fundi makochi. Kabla sijampeleka Kiluwiluwi kukagua Chuo cha Karibu, nilimwomba mtunza maabara anikubalie nivalishe vigoda vyao sponji na kitambaa chekundu. Bure! Vimependeza mno. Mtoto hakuvitazama. Akauliza hadubini ziko wapi. Mtunza maabara akasema ipo moja, imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alishastaafu.

Nikamwambia Kiluwiluwi akae kwanza aonje ulaini. Akakaa, kwa heshima tu. Nyumbani akaketi kwenye kochi letu, ambalo springi zimechomoza. Mganga hajigangi.

Jumamosi, 8 Juni

Dada yangu kaja. Huyu ndiye anayemjaza mtoto maneno ya bwawa. Akaniambia mtoto si kochi, huwezi kumgongelea misumari. Siku hizi makochi tunapiga stepla. Hajui kitu.

Alipoondoka tu, nikajishika ubavu wa kulia na kuguna. Kiluwiluwi akaacha vyombo, akaja na povu mikononi. Akauliza upande gani. Nikasema huu wa kulia, mwanangu, ila usijali, wewe nenda tu huko mbali. Nimeigiza vizuri hata mimi nikajihurumia.

Jumapili, 9 Juni

Picha kaibandua. Kachagua Chuo cha Karibu. Akasema nisinyanyuke, chai ataniletea hapo hapo. Nimeshinda!

Nilipokuwa nakunywa, nikaona hanitazami usoni. Ananitazama ubavuni. Ndipo nikakumbuka. Mama yake alianza hivyo hivyo. Ubavu wa kulia, na usijali. Nilisahau vipi? Chai imenishinda. Naona aibu mpaka kwenye kucha.

Jumanne, 11 Juni

Dada anasema nimwambie mtoto ukweli. Eti nimwambie tu! Mimi nina njia bora. Nimemwambia Kiluwiluwi kwamba nimepona kabisa, tena naoa: yule muuza vitambaa jirani na karakana. Nyumba itabana, heri yeye aende mbali kwenye vyura wake.

Mtoto, kwa adabu zake, akaenda kumpongeza bibi harusi. Muuza vitambaa sikuwa nimemdokezea lolote. Akaja mpaka mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, akataka kujua nilimposa lini, na kama niko mzima kweli. Nikaona heri niwe mgonjwa. Nikajishika ubavu. Wa kushoto.

Kiluwiluwi akacheka mpaka akatokwa na machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akasema, baba, ungesema tu kwamba unaogopa kubaki peke yako. Nikamjibu kwamba linalonisumbua ni springi za kochi. Akaenda kuirudisha picha ukutani, na chaguo lake akalibadilisha.

Jumapili, 15 Septemba

Kochi nimelivalisha upya. Springi mpya, kitambaa kizuri. Nakaa upande wangu. Ule mwingine bado umenyooka kama umetoka dukani.

Leo Kiluwiluwi kapiga simu. Bwawa lipo kweli. Vyura wanapiga kelele hata hawamwachi asome, na anafurahi. Akauliza naendeleaje. Neno lilikuwa mdomoni tayari: nimekukumbuka, mwanangu. Hilo tu. Nikasema sijambo, ila kuna kaumivu kadogo.

Nikawasikia vyura. Kisha akauliza, taratibu, upande gani.

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kesho nitapita kwa muuza dawa, nimuulize ni ugonjwa gani hauna upande.