Kiti cha Mtoto na Meza ya Watu Kumi

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Leo imetimia miaka arobaini na minne tangu nitoke Hong Kong. Nimeiadhimisha kwa kupewa onyo la mwisho na mke wa mwanangu.

Chanzo ni jana. Mkahawa wa Bandari ya Lulu, hapa Scarborough, ambako tumekunywa chai kila Jumapili tangu marehemu mke wangu akiwa hai. Kiti cha mtoto hakuna. Kilivunjika, wanasema, na kipo kwa fundi. Kwa hiyo mjukuu wangu Lok, miaka miwili, alisimama juu ya kiti cha watu wazima akadondosha andazi la nyama ndani ya birika la meza ya jirani. Dada yake, Hoi-ching, miaka sita, alikuwa chini ya meza hiyohiyo akifungua kamba za viatu vya watu. Mhudumu alishusha pumzi kama mtu aliyefiwa. Wai-lam, mama yao, hakula kitu. Alionja chai tu, nayo ilikuwa imeshapoa.

Leo amepiga simu. Sauti ya upole, ambayo ndiyo mbaya. Alisema amechoka. Alisema baba yake, Mzee Szeto, amegundua mkahawa huko Oakville, karibu na kwake, wenye chapati za maji zinazoelea kwenye shira, penseli za rangi na bembea. Szeto! Daktari wa meno mstaafu, anapigia debe shira.

Nimepewa hadi Jumapili. Nitafute mahali pa dim sum, vitafunio vyetu vya vikapuni, penye kiti cha mtoto kisichoyumba, chumba cha kubadilishia nepi, na pasipo kusubiri hadi watoto walie. Nikishindwa, Jumapili zetu zinahamia Oakville. Mimi nitakuwa mgeni kwenye meza ya wajukuu wangu mwenyewe, nikila chapati kwa uma.

Nilimwambia Kin-fai, mwanangu, kwamba ikifika hapo mimi narudi Hong Kong. Akaniuliza kwenye ndege napenda kiti cha dirishani au cha pembeni.

Jumanne, 6 Novemba

Upelelezi umeanza. Dereva ni Mzee Kwok, mwenzangu wa sataranji, ambaye bado anaruhusiwa kuendesha gari mchana.

Miaka mingi nilisahihisha prufu za gazeti la Kichina mjini hapa. Sipitishi kitu bila kukikagua. Lok ana kilo kumi na mbili. Nikanunua mfuko wa mchele wa uzito huohuo, nikaufunga skafu ili usiteleze, tukaenda nao Bustani ya Peoni, Markham. Tukaomba kiti cha mtoto. Tukaukalisha.

Mama wa meza ya pili aliuliza ana miezi mingapi. Kwok akamjibu kwamba hasumbui hata kidogo.

Nilikitikisa kiti kwa nguvu za mtoto anayekataa uji. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Mfuko ulianguka kichwa chini, ukapasuka, mchele ukaenea hadi chini ya madhabahu ya mungu wa mlangoni. Tuliombwa tusije tena.

Matokeo: Bustani ya Peoni imefutwa. Mchele umepotea. Lakini mbinu imethibitika. Siku nzuri.

Jumatano, 7 Novemba

Mahali papya, Markham hukohuko. Viti vya mtoto imara. Chumba cha nepi ni safi kabisa, hata muziki upo. Ila hakuna matoroli ya kupitisha vikapu vya chakula. Unaagiza kwa kubofya kishikwambi, chakula kinaletwa na kijana asiyekutazama usoni. Mtoto akue bila kuona toroli likija, bila kunyoosha shingo kuangalia vikapu vina nini? Hapana.

Nilikuwa nafunga koti langu la baridi niondoke nilipoona upara ninaoufahamu. Szeto. Peke yake, kwenye meza ya kona, na miguu ya kuku mbele yake. Mifupa iliyokwisha kunyonywa ilikuwa kilima.

Nilikaa bila kualikwa. Nikammiminia chai. Akagonga meza kwa vidole viwili, kushukuru, kabla hajakumbuka kwamba tuko vitani.

Alidai amekuja kukutana na mgonjwa wake wa zamani. Nikamuuliza mgonjwa yuko wapi, au ndiye huyo aliyebaki mifupa. Akashusha sauti.

“Fung, usimwambie Wai-lam. Lehemu ya damu yangu imepanda. Anajua niko maktaba.”

Nikamwambia siri yake iko mahali salama. Iko mfukoni mwangu. Akauliza Jumapili nimepanga wapi. Sikumjibu. Jemadari hataji uwanja wake.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimepapata!

Kasri la Yungiyungi, Richmond Hill, ndani ya jengo la maduka, kati ya shule ya udereva na duka la dawa za mizizi. Matoroli, ya kweli, yenye mvuke na wanawake wanaotangaza walichobeba. Tangi la samaki hai mlangoni, kimo cha macho ya mtoto. Chumba cha nepi, mlango wake unafungika. Na viti vya mtoto, vya mbao nzito. Nilikuwa na mfuko mpya wa mchele. Niliutikisa. Kwok aliusukuma kwa goti. Kiti hakikujali.

Anayegawa meza ni Bi Tse, mwenye kizibao chekundu na maikrofoni. Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akaja kuuliza mjukuu wangu angependa chai gani.

Nikaomba kuwekewa meza kubwa ya watu kumi, ile iliyo karibu na mlango mmoja wa jikoni, ambako matoroli hutokea vikapu vikiwa bado vimejaa. Akasema Jumapili hawawekei mtu meza. Unachukua namba. Na meza ya watu kumi haitolewi mpaka nusu ya watu wawe wamesimama mbele yake, naye awahesabu.

Hapo ndipo penye kikwazo. Foleni inaanza saa nne. Lok hulala asubuhi; Wai-lam hafiki popote kabla ya saa sita. Szeto huja na gari lao. Saa nne nitakuwa mimi peke yangu, na mchele hauhesabiwi. Niliuliza.

Sisi ni sita. Meza ndogo zote ziko pembeni ya vyoo. Lazima iwe ile ya kumi. Wanahitajika watano. Nina mmoja.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimepata wanne. Kwok, kwanza. Halafu nilikwenda kituo cha wazee, kwenye mazoezi ya kwaya, nikamwendea Bi Mok, ambaye ana miaka themanini na sita na huniita mtoto. Ana wadogo zake wawili, Bi wa Pili na Bi wa Tatu. Hawajulikani kwa jina lingine na hawaendi popote wakiwa pungufu.

Nilieleza mpango wazi. Wafike saa nne kama ndugu zangu. Wahesabiwe. Wakae mezani. Familia yangu ikitokea mlangoni, wainuke kimya kimya waondoke. Zawadi yao ni keki za mayai, za kwenda nazo nyumbani.

Bi Mok alikubali papo hapo. Hakuuliza swali hata moja. Watu wananielewa siku hizi.

Jumamosi, 10 Novemba

Sikulala vizuri.

Nilikumbuka nyumba ya chai ya Sham Shui Po, kule Hong Kong, ghorofa ya pili. Baba alikuwa akinipeleka kabla ya shule. Wazee walitundika vizimba vya ndege juu ya madirisha na kusoma gazeti moja kwa zamu, kurasa zikipita kutoka meza hadi meza. Sikumbuki kama kulikuwa na kiti cha mtoto. Nakumbuka nilikaa kwenye mapaja ya mtu yeyote aliyekuwa na nafasi. Binamu yangu aliniandikia kwamba sasa ni duka la simu. Nilijua nyumba ile kwa ngazi, kwa harufu, kwa msumari uliotokeza kwenye benchi letu. Siijui namba yake ya mtaa. Ajabu, kwa mtu aliyeishi kwa kusahihisha.

Jioni Wai-lam alipiga simu. Alisema nisijisumbue sana, hata chapati si mbaya. “Baba, watoto watakuja kukuona tu, siku nyingine.” Siku nyingine! Siku nyingine haina jina wala saa.

Nimepiga pasi shati.

Jumapili, 11 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika mapema. Namba yetu ilipoitwa, Bi Tse akatupanga mstari na kutuhesabu kwa kidole. Alisimama mbele ya Kwok, aliye mrefu na mwembamba, kisha mbele ya akina Bi Mok, wafupi na wa mviringo.

“Mzee, hawa ndugu zako mbona hamfanani?”

Bi Mok akamjibu kwamba mimi niliokotwa.

Tukapewa meza. Meza yenyewe! Nikaagiza kiti cha mtoto, nikakikagua kwa mkono. Nikawakumbusha wenzangu masharti: hakuna kuagiza. Nilipogeuka, Bi wa Pili alikuwa ameshasuuza bakuli zote kwa chai ya moto na Bi wa Tatu ameshammiminia kila mtu. Toroli likaja. Msukumaji alikuwa mwimba alto wa kwaya yao. Sikupata hata nafasi ya kukohoa.

Familia yangu ilipotokea mlangoni, vikapu vitupu mbele ya Bi Mok vilikuwa vinamficha kidevu.

Nikatoa ishara. Hakuinuka mtu. Nikatoa ishara kubwa zaidi. Kwok akanong'ona, mdomo umejaa kamba wa baharini, kwamba chai imeshamiminwa, na mtu aliyemiminiwa chai hafukuzwi mezani, hata mimi najua. Najua. Na nyuma ya Wai-lam alisimama Bi Tse akihesabu tena. Nikiwatoa wanne mbele ya macho yake, atajua si ndugu, na tunahamishiwa vyooni.

Basi nikawatambulisha. Nikasema ni ndugu zangu. Wai-lam ameolewa kwetu miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo nimemwambia kwamba upande huu wa bahari sina ndugu. Szeto alimtazama Kwok, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba ndugu yangu huyu anafanana sana na yule aliyemfunga sataranji kwenye mashindano ya Septemba. Nikamtazama Szeto, nikataja neno maktaba. Akavuta kiti, akakaa.

Kisha mambo yakaharibika moja kwa moja. Lok aliwekwa kwenye kiti changu imara, akakaa kwa muda wa kupiga chafya mbili, akalia. Bi wa Tatu akamtoa. Akampakata, akampoozea uji kijiko kwa kijiko, akamfuta, akamwimbia kitu kuhusu bata. Lok akakaa kimya kwenye mapaja yale muda wote wa chakula. Kiti kilibaki na pochi ya Bi Mok.

Hoi-ching alipelekwa na Bi wa Pili kwenye tangi. Alimpenda chewa mmoja mwenye uso wa hasira akampa jina langu. Nilifurahi, mpaka mpishi alipokuja na wavu. Hoi-ching akarudi mezani, akauliza kama samaki atarudi.

“Hatarudi,” alisema Bi Mok. “Ameshafika anakokwenda. Kula.”

Mtoto aliwaza. Akaomba kifurushi kingine cha kamba.

Wakati huo nilimwona Wai-lam. Alikuwa ameshika vijiti kwa mkono wa kulia na kikombe kwa wa kushoto. Mikono yote miwili, yake mwenyewe. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye andazi lake. Aliling'ata, akafumba macho, akatafuna polepole kama mtu anayesoma barua.

Kin-fai akamuuliza kuhusu Oakville, vipi Jumapili ijayo. Szeto akawahi kusema kwamba zile chapati kusema kweli ni kavu. Alikuwa na miguu ya kuku sahanini na binti yake anamwona, na hakujali.

Wai-lam akanisogelea. “Baba,” alisema, “sijui umewatoa wapi hawa ndugu zako. Jumapili ijayo waje tena. Hasa huyo shangazi wa bata.”

Nikammiminia chai. Akagonga meza kwa vidole viwili.

Doa moja tu. Szeto alisema anakwenda msalani, kumbe amekwenda kulipa bili niliyopaswa kulipa mimi. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyenawa mikono muda mrefu sana.

Jumatatu, 12 Novemba

Ushindi kamili! Jumapili ni zangu. Oakville imekufa.

Nimekaa na kuchambua sababu, na haina ubishi: ni kiti. Nilisema tangu Jumanne iliyopita kwamba kila kitu kinategemea kiti. Mbao nzito, miguu minne sawa, na mtoto anatulia. Nimemweleza Kwok kwenye simu. Akauliza kama namaanisha kiti kile kilichobeba pochi. Mtu akizeeka huona mambo madogo madogo.

Sasa nina mpango wa Jumapili ijayo. Akina Bi Mok watakuja, sawa, Wai-lam ametaka. Lakini watu kumi ni meza moja, na wakitokea kumi na wanne Bi Tse hulazimika kuunganisha mbili, na hapo ningepata milango yote miwili ya jikoni. Wanahitajika wanne zaidi. Baritoni wa kwaya hawana kazi Jumapili. Nitawaeleza wazi: wahesabiwe, wakae kidogo, waondoke. Mara hii masharti yatakuwa makali. Na nitampa Bi Tse kadi yangu ya benki Ijumaa, Szeto aende msalani hadi achoke.

Nimenunua mfuko mwingine wa mchele. Lok anaongezeka uzito.

Jioni Kin-fai alipita kuleta mabaki ya keki ya figili. Akiwa anavaa viatu mlangoni akaniuliza, kwa utani, kuhusu ile safari: dirishani au pembeni? Nilikuwa na jibu la utani tayari. Nililiacha.

Nilimwambia Jumapili nina watu wa kuwahi. Hong Kong sitarudi.